Frederick Terman: Mwalimu Aliyezipa Ndege Masikio ya Kusikia Rada

Na Mwandishi Wetu

Historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia husimuliwa zaidi kwa majina ya majenerali na marubani. Nyuma yao walikuwapo walimu wa vyuo vikuu walioacha madarasa yao na kuingia katika maabara zenye ulinzi, wakatumwa kutafuta majibu ya maswali ambayo bunduki haikuweza kuyajibu. Mmoja wao ni Profesa Frederick Emmons Terman wa Marekani. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1945 aliongoza maabara iliyobuni vifaa vya kielektroniki vya kubebwa na ndege kwa ajili ya kunasa, kupima na kuweka kumbukumbu ya mawimbi ya rada za adui.

Siku hizi jina lake hutajwa zaidi kwa sababu nyingine. Yeye huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa ukanda wa viwanda vya teknolojia uliopo California na unaojulikana duniani kote kama Silicon Valley. Wasomaji wengi huyachukulia mambo hayo mawili kuwa mbalimbali: vita upande mmoja, biashara ya teknolojia upande mwingine. Anayeyafuatilia maisha ya Terman huona kuwa yote mawili yalitoka katika chemchemi moja, nayo ni imani yake kwamba kifaa bora hutokana na mtu aliyefundishwa vizuri, na kwamba nchi isiyoandaa watu wa namna hiyo wakati wa amani huwatafuta kwa taabu siku ya hatari.

Kijana aliyelazwa kifua kikuu

Terman alizaliwa tarehe 7 Juni 1900 katika mji mdogo wa English, jimbo la Indiana. Baba yake, Lewis Terman, alikuwa mwanasaikolojia aliyekuja kujulikana kwa kipimo cha akili cha Stanford-Binet. Mzee huyo aliugua kifua kikuu, akaihamishia familia yake California akitafuta hali ya hewa yenye nafuu, na mwaka 1910 akajiunga na Chuo Kikuu cha Stanford kama mwalimu. Hivyo mtoto Frederick alikulia katika mazingira ya chuo hicho, na alipokuwa kijana alijiunga na vijana wenzake waliokuwa wakijitengenezea redio wenyewe na kuwasiliana kwa mawimbi.

Alipata shahada yake ya kwanza Stanford mwaka 1920 na shahada ya uhandisi wa umeme mwaka 1922. Kisha alikwenda Massachusetts, katika Taasisi ya Teknolojia ya MIT, ambako mwaka 1924 alitunukiwa shahada ya udaktari katika masuala ya usafirishaji wa umeme wa masafa marefu. Msimamizi wake alikuwa Vannevar Bush, mtu ambaye miaka 17 baadaye angekabidhiwa na serikali ya Marekani jukumu la kuratibu utafiti wote wa kisayansi wa wakati wa vita.

Njia ya kijana huyo ilionekana kunyooka. Lakini aliporudi nyumbani kwa mapumziko, ugonjwa uliomtesa baba yake ulimpata naye. Dawa za kuponya kifua kikuu hazikuwapo wakati huo. Tiba ilikuwa kulala. Terman alilala kitandani kwa miezi mingi huku mifuko ya mchanga ikiwa imewekwa juu ya kifua chake ili mapafu yasitikisike. Alipopata nguvu kidogo, Stanford ilimpa kazi ya kufundisha kwa muda wa nusu siku, kwa kuwa afya yake haikuruhusu zaidi. Kazi aliyokuwa ameitarajia mashariki mwa nchi aliiacha. Alibaki California, na uamuzi huo uliolazimishwa na maradhi ndio uliotengeneza sehemu iliyobaki ya historia yake.

Somo alilolichagua lilikuwa redio. Mwaka 1932 alichapisha kitabu cha uhandisi wa redio kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi ndani na nje ya Marekani. Nguvu ya kitabu hicho ilikuwa katika mpangilio wake: Terman aliwaonyesha wahandisi jinsi ya kukokotoa na kupima, hatua kwa hatua, mambo ambayo mafundi wengi wa wakati ule waliyafanya kwa kubahatisha. Mwaka 1937 aliteuliwa kuwa mkuu wa idara ya uhandisi wa umeme.

Hata hivyo jambo moja lilimsumbua. Wanafunzi wake hodari walipomaliza masomo walifunga mizigo na kwenda mashariki, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na viwanda na mishahara. Mmoja wao, David Packard, alikuwa ameajiriwa na kampuni ya General Electric katika jimbo la New York. Mwaka 1938 Terman alimtafutia ufadhili mdogo ili arudi, akamkutanisha tena na mwanafunzi mwenzake, William Hewlett, na kuwatia moyo waanzishe kampuni yao. Katika gereji iliyopo Addison Avenue, mjini Palo Alto, wakaanza kutengeneza kifaa cha kuzalisha mawimbi ya sauti ambacho Hewlett alikuwa amekibuni akiwa mwanafunzi. Kampuni hiyo ndiyo Hewlett-Packard.

Taa ya mvuvi na udhaifu wa rada

Ili kuielewa kazi iliyomwita Terman vitani, ni vema kueleza kwanza namna rada inavyofanya kazi. Rada hutuma mapigo mafupi ya mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yakigonga chombo, sehemu ndogo hurudi kama mwangwi. Kwa kupima muda uliopita kati ya kutuma na kupokea, opereta hujua umbali wa chombo, na kwa kuangalia antena imeelekea wapi hujua upande kilipo. Kufikia mwaka 1942 Ujerumani ilikuwa na rada za Freya za kuona ndege zikiwa mbali, na rada za Würzburg zilizoongoza mizinga ya kutungulia ndege pamoja na ndege za kivita za usiku. Kwa marubani wa Uingereza, na baadaye wa Marekani, giza na mawingu havikuwa tena maficho.

Lakini rada ina udhaifu ambao haiwezi kuuepuka. Mvuvi wa dagaa anayekwenda baharini usiku na karabai huona maji yaliyo karibu na mtumbwi wake, ilhali aliye ufukoni huiona taa hiyo akiwa mbali sana, mahali ambapo mwanga wa karabai haumfikii mvuvi kumwonyesha mtu yeyote. Ndivyo ilivyo kwa rada. Mwangwi husafiri mara mbili, kwenda na kurudi, na kila umbali ukiongezeka maradufu hubaki sehemu moja tu kati ya 16 ya nguvu yake. Wimbi linalokwenda moja kwa moja kutoka kwenye rada hadi kwenye ndege husafiri mara moja tu, na kwa umbali huo huo hubaki na robo ya nguvu. Kwa hiyo ndege yenye kipokezi kizuri huweza kuisikia rada kabla rada haijaiona ndege.

Hapo ndipo ulipo msingi wa fani nzima. Anayetaka kuivuruga rada lazima kwanza ajue inatumia masafa gani, mapigo yake hutoka mara ngapi kwa sekunde, na iko wapi. Bila maarifa hayo, kifaa cha kuvuruga ni sawa na kupiga kelele katika chumba kisicho na mtu.

Maabara ya watu 800

Marekani iliingia vitani Desemba 1941 baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor. Wakati huo tayari wanasayansi wengi walikuwa MIT wakibuni rada. Miezi michache baadaye iliamuliwa kuanzisha kikundi kingine chenye kazi ya kinyume: kutafuta namna ya kuzinasa na kuzishinda rada za adui. Ofisi ya Utafiti na Maendeleo ya Sayansi, iliyokuwa chini ya Vannevar Bush, ilimwita Terman kukiongoza. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 41, mwalimu ambaye hakuwahi kusimamia taasisi kubwa, na mwili wake ulikuwa bado na alama za maradhi ya ujanani.

Terman alikwenda Uingereza mapema mwaka 1942 kujifunza, kwa kuwa Waingereza walikuwa wametangulia. Mwezi Februari mwaka huo makomando wao walikuwa wamevamia kituo cha Bruneval kwenye pwani ya Ufaransa na kurudi na sehemu za rada ya Würzburg. Alirudi Marekani akiwa na picha kamili ya ukubwa wa kazi. Mwaka huo huo kikundi chake kilihamia Chuo Kikuu cha Harvard na kupewa jina la Radio Research Laboratory, jina la kawaida lililokusudiwa lisieleze chochote.

Maabara hiyo ilianza na watu wachache na kukua hadi kuwa na watu zaidi ya 800. Wahandisi wa redio walikuwa haba, kwa maana wengi walikwishachukuliwa na maabara za rada. Terman aliajiri wataalamu wa fizikia, wanaanga, walimu wa vyuo vidogo na wanafunzi wake wa zamani kutoka Stanford, akawafundisha kazi wakiwa kazini. Mnajimu Fred Whipple, aliyekuwa amezoea kuchunguza vimondo, alijikuta akishughulikia namna ya kukata vipande vya karatasi ya alumini vya kumwagwa angani ili vijaze kioo cha rada ya adui miangwi ya uongo.

Mfano wa vipande hivyo unaonyesha kwa nini kusikiliza kulitangulia yote. Kipande hurudisha mwangwi mkubwa zaidi kikiwa na urefu wa karibu nusu ya wimbi la rada husika. Kwa rada ya Würzburg, iliyotumia masafa ya karibu megahezi 560, urefu huo ulikuwa kama sentimita 27. Anayekosea masafa hukosea urefu wa kipande, na anayekosea urefu humwaga taka angani huku wenzake wakitunguliwa.

Kutokana na hali hiyo, vipokezi vya upekuzi vilipewa uzito wa pekee. Kipokezi cha kawaida cha redio hutengenezwa kwa ajili ya stesheni ambazo masafa yake yanajulikana. Kipokezi cha upekuzi hutafuta kitu kisichojulikana, kwa hiyo lazima kipite katika eneo pana sana la masafa pasipo kuruka sehemu. Kipokezi cha AN/APR-4, kimojawapo cha matunda ya maabara hiyo, kilitatua tatizo hilo kwa sehemu za kubadilishwa: opereta alichomoa kisanduku cha masafa ya chini na kuchomeka cha masafa ya juu, na kwa njia hiyo kipokezi kimoja kiliweza kusikiliza kuanzia karibu megahezi 40 hadi zaidi ya megahezi 2,000.

Kifaa hicho hakikufanya kazi peke yake. Kiliambatana na antena za kuelekeza upande ishara inakotoka, pamoja na kifaa cha kupima mapigo chenye kioo kidogo ambacho juu yake pigo la rada lilionekana kama kichuguu cha mwanga. Opereta alivaa vipokea sauti masikioni, na kila aina ya rada ilisikika kwa mlio wake, mwingine wa kunguruma, mwingine mwembamba kama wa nyuki. Aliandika saa, masafa, idadi ya mapigo na upande, naye msoma ramani akaandika mahali ndege ilipokuwa. Baadaye ziliongezwa njia za kurekodi kwa mashine ili kisichoshikwa na sikio kibaki katika kumbukumbu. Mistari iliyochorwa kutoka sehemu kadhaa za safari ilipokutana kwenye ramani, hapo ndipo rada ilipokuwa.

Kazi ya kutafuta kuonwa

Mwezi Machi 1943 ndege ya Marekani aina ya B-24 iliyojazwa vipokezi vya namna hiyo iliruka karibu na kisiwa cha Kiska, katika visiwa vya Aleutian, ambacho kilikuwa mikononi mwa Wajapani. Ndege hiyo haikubeba mabomu ya kudondosha. Kazi yake ilikuwa kuzunguka, kusikiliza na kurudi na ramani ya mahali rada zilipo na upande zisikoweza kuona. Ndege za upekuzi za aina hiyo zilienea baadaye katika Bahari ya Mediterania, Ulaya na Pasifiki.

Kazi hiyo ilikuwa na jambo la kutisha ambalo halipo katika kazi nyingine za anga. Rubani wa kawaida huomba asionwe. Ndege ya upekuzi hutafuta kuonwa, kwa kuwa rada isipowashwa hakuna cha kurekodi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1942, kabla vipokezi vya maabara ya Terman havijafika Ulaya, ndege ya Uingereza aina ya Wellington ilitumwa kuelekea Frankfurt ikiwa chambo, ili opereta wake, Harold Jordan, athibitishe masafa ya rada zilizofungwa katika ndege za kivita za usiku za Ujerumani. Jordan aliisikia ishara ikikua sikioni mwake kadiri ndege ya adui ilivyosogea. Ndege yao ilipigwa risasi mara kwa mara. Yeye alijeruhiwa mkononi, tayani na jichoni, lakini aliendelea kuandika na kuhakikisha ujumbe wa masafa ya megahezi 490 unatumwa nyumbani. Rubani aliishusha ndege iliyokuwa imeharibika baharini karibu na pwani ya Uingereza, na wote waliokuwamo wakaokolewa.

Tukio hilo linaeleza vizuri kuliko hesabu yoyote thamani ya kipokezi kilicho kamili. Namba moja tu, iliyopatikana kwa damu, ndiyo iliyowaambia wataalamu watengeneze nini. Kazi ya maabara kama ya Terman ilikuwa kupunguza bei ya namba hiyo: kifaa kisikie kutoka mbali zaidi, kipime kwa haraka zaidi, na kihifadhi kilichosikika hata kama opereta ameumia.

Matunda yalionekana. Oktoba 1943 ndege za mabomu za Marekani zilianza kutumia kifaa cha kuvuruga rada za mizinga kilichoitwa Carpet, na kabla ya majeshi ya washirika kutua Normandy tarehe 6 Juni 1944, rada za Wajerumani kwenye pwani ya Ufaransa zilikuwa zimechorwa katika ramani kutokana na kusikilizwa na kupigwa picha. Nyingi zilishambuliwa, zilizobaki zilivurugwa au kudanganywa. Terman hakurusha ndege wala hakupigana. Mchango wake ulikuwa kuwapanga watu, kufuatilia ratiba, kuondoa migongano kati ya wanasayansi na makamanda, na kuhakikisha kilichobuniwa mezani kinafika kiwandani na kutoka kiwandani hadi ndani ya ndege. Uingereza ilimtunuku heshima mwaka 1946, nayo Marekani ikampa Nishani ya Ustahili mwaka 1948.

Kurudi nyumbani na funzo

Alipokuwa Harvard, Terman aliona jambo lililomuuma. Serikali ilipohitaji maabara kubwa za kielektroniki ilizipeleka mashariki, kwa vyuo vilivyokwisha kujijengea uwezo. Stanford haikufikiriwa. Aliwaandikia viongozi wa chuo chake vita vikiwa havijaisha, akiwatahadharisha kuwa miaka itakayofuata amani ndiyo itakayoamua kama Stanford itapanda au itabaki chuo cha jimbo.

Mwaka 1946 alirejea akiwa mkuu wa kitivo cha uhandisi, akifuatana na wenzake kadhaa waliokuwa naye katika maabara ya vita. Mkakati wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Hakugawa fedha kidogo kidogo kwa kila fani ili kila mtu aridhike. Alichagua maeneo machache, akatafuta walimu bora kwa ajili ya maeneo hayo, na kuyainua hadi yaonekane kutoka mbali. Elektroniki lilikuwa la kwanza. Mwaka huo huo alimwajiri Lester Field, mtaalamu wa valvu mpya zilizoweza kukuza ishara katika eneo pana la masafa kwa wakati mmoja. Kwa kazi ya kunasa rada, valvu hizo zilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa kipokezi kiliondokana na kuvizia masafa moja baada ya jingine.

Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, Stanford iliongeza maabara ya utafiti wa matumizi kwa ajili ya kazi za kijeshi, nyingi zikiwa za siri. Mwaka 1951 chuo kilitenga sehemu ya ardhi yake kuwa eneo la viwanda, na kampuni za teknolojia zikapanga humo, zikiwamo Varian na baadaye Hewlett-Packard. Aidha, wahandisi waliokuwa kazini waliruhusiwa kusoma shahada za juu huku waajiri wao wakichangia gharama. Kijana aliyehitimu hakuhitaji tena kufunga mizigo kwenda mashariki. Mwaka 1955 Terman alipandishwa kuwa msimamizi mkuu wa taaluma wa chuo chote, wadhifa alioushika hadi alipostaafu mwaka 1965.

Mwaka huo wa kustaafu kwake, tarehe 24 Julai, ndege ya kwanza ya Marekani ilitunguliwa Vietnam kwa kombora lililoongozwa na rada. Jibu la haraka lilikuwa vipokezi vidogo vya kufungwa katika ndege za kivita, vyenye kumwonya rubani kuwa rada ya kombora imemwangaza na kumwonyesha upande ilipo. Kimojawapo, APR-25, kilitengenezwa na kampuni ya Palo Alto iliyokuwa jirani na chuo. Kifaa ambacho mwaka 1943 kilihitaji opereta wake na nafasi kubwa ndani ya ndege, sasa kilikaa mbele ya rubani mmoja.

Hoja iliyokuja mlangoni

Maisha ya Terman hayawezi kuelezwa kwa haki bila kutaja upande mwingine. Fedha zilizoijenga Stanford zilitoka kwa kiasi kikubwa katika majeshi, na sehemu ya utafiti wake haikuruhusiwa kusomwa na umma wala na wanafunzi wengi wa chuo chenyewe. Vita vya Vietnam vilipozidi, swali hilo liliingia madarasani. Tarehe 9 Aprili 1969 mamia ya wanafunzi waliingia katika jengo la Maabara ya Elektroniki ya Matumizi na kukaa humo kwa siku tisa. Walitaka kujua iwapo chuo kikuu, kilichoanzishwa kutafuta maarifa kwa ajili ya wote, kina haki ya kuyafungia maarifa hayo ndani ya makabati.

Wakiwa bado humo, tarehe 15 Aprili, ndege ya upekuzi ya Marekani aina ya EC-121 ilitunguliwa na Korea Kaskazini ikiwa katika kazi ya kunasa ishara juu ya bahari, na watu wote 31 waliokuwamo wakapoteza maisha. Matukio hayo mawili hayakuhusiana, lakini yakiwekwa pamoja yanaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Kuna waliokufa kwa kusikiliza, na kuna waliouliza ni nani anayestahili kusikilizwa na kwa faida ya nani. Baada ya mgogoro huo chuo kiliamua kuachana na utafiti wa siri katika eneo lake. Terman, akiwa amestaafu, aliona sehemu ya kile alichokijenga ikivunjwa na chuo kile kile alichokiinua.

Safari ya Korea Kusini

Mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 70, alipokea kazi nyingine. Serikali ya Korea Kusini, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Marekani, ilitaka ushauri juu ya kuanzisha taasisi ya elimu ya juu ya sayansi. Nchi hiyo ilikuwa imesimamisha vita miaka 17 tu kabla, na vijana wake bora walikuwa wakienda kusoma ng'ambo na kubaki huko. Tatizo hilo Terman alilijua tangu siku alizomwona Packard akiondoka.

Ripoti ya timu aliyoiongoza ilipendekeza taasisi ya shahada za uzamili na udaktari, yenye walimu wanaolipwa vizuri, wanafunzi wanaofadhiliwa, na masomo yanayofungamana na mahitaji ya viwanda vya nchi. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1971 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1973. Leo inaitwa KAIST, na wahitimu wake wamekuwa miongoni mwa wahandisi na viongozi waliovijenga viwanda vya elektroniki vya Korea Kusini. Safari hii hapakuwa na rada ya kunasa wala ndege ya kutuma. Kilichosafirishwa ni funzo lile lile la California.

Mwaka 1975 Terman alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Mwaka huo pia alimpoteza mkewe, Sibyl, waliyeoana mwaka 1928 na kujaliwa watoto watatu wa kiume. Alifariki dunia tarehe 19 Desemba 1982 huko Palo Alto akiwa na umri wa miaka 82, miaka 58 baada ya kifua kikuu kumlaza kitandani akiwa kijana.

Vifaa vya maabara yake vimekwisha kuwa vya makumbusho. Kazi ya kuzisikia rada kutoka angani inaendelea kwa setilaiti, kwa ndege zisizo na rubani na kwa kompyuta zinazotambua mapigo kwa sekunde chache, kazi ambayo zamani ilimchukua opereta usiku mzima. Wanaovibuni vifaa hivyo bado huandaliwa kwa njia aliyoifuata Terman: mwalimu mbele ya ubao, mwanafunzi anayejifunza kupima badala ya kubahatisha, na nchi inayompa kijana huyo sababu ya kubaki nyumbani na kufanya kazi.